Nguo Zilizonunuliwa kwa Jina Langu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilifanyiwa bebi shawa, ile sherehe ya kumzawadia mama mjamzito. Sijakosea kusema. Sikuwa mgeni wala mgawa soda, nilifanyiwa mimi. Nilikalishwa kwenye kiti kilichofungwa vitambaa vya pinki na vyeupe, nikapewa nepi, beseni la kuogea, na soksi ambazo zingetosha vidole gumba vyangu tu. Keki ilikuwa na jina langu, Bhoke. Wanawake wazima kama arobaini walinipigia makofi, na hakuna aliyethubutu kucheka. Nikisimulia hapa Musoma ninakofundisha, walimu wenzangu husema natia chumvi.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya mama yangu mdogo, Robhi. Niliishi kwake Tarime mjini kwa sababu shule za mjini zilisifiwa kuliko za kwetu Kisaka, na kwa sababu nyumba yake ilikuwa kubwa na kimya. Mumewe, baba mdogo Chacha, alikuwa mchimbaji. Miaka ile mtu alikuwa ama yuko machimboni, ama ametoka machimboni, ama anaaga kwenda huko; hata mwalimu wetu wa hesabu aliondoka katikati ya muhula na hatukumwona tena. Wengi walirudi na kikohozi. Baba mdogo alirudi na dhahabu. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, liligonga mkanda wa dhahabu, na ndani ya mwaka mmoja tulihama chumba cha kupanga tukaingia kwenye nyumba ya vigae yenye geti, na chumba cha uani nikapewa mimi.

Kilichokosekana ni mtoto. Mama mdogo alikuwa amezaa wawili, na wote hawakukaa. Wa kwanza aliishi siku mbili. Wa pili hakulia kabisa. Wote walikuwa wamenunuliwa nguo mapema, na bibi yangu wa Kisaka, aliyemzaa Robhi na kumzaa mama yangu, hakulisahau jambo hilo wala hakuwaacha wengine walisahau. Sasa mimba ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Aliyeleta habari za bebi shawa ni Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa na cherehani mbili karibu na stendi. Babu zake walitoka Tanga, lakini yeye alizaliwa Tarime na Kikurya alikiongea kutushinda sisi wenyewe. Alikuwa ameziona sherehe hizo Sirari, zinavuka kutoka upande wa Kenya pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia. Haraka sana ikaundwa kamati. Hatujui kufanya jambo bila kamati. Palikuwa na mwenyekiti, katibu, mtu wa turubai, mtu wa muziki, na ugomvi wa wiki nzima juu ya kitenge cha sare, maana nusu ya kamati ilitaka cha bluu na nusu ikasema bluu inatangulia kumwita mtoto wa kiume.

Mama mdogo alikaa katikati ya kelele hizo, miguu imevimba, anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo. Siku moja nilimsikia akimwambia Mama Zuhura, "Nimechoka kupewa pole. Mara moja tu na mimi niambiwe hongera." Nilikuwa naosha vyombo, nikaacha kidogo nimsikilize.

Lakini bila bibi isingefanyika. Jumamosi moja tulipanda gari, mama mdogo, Mama Zuhura na mimi, tukavuka Mto Mara tukaenda Kisaka kumwambia. Tulimkuta anapepeta ulezi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba zake tatu, kila mtu na yake, na mikono haikusimama.

"Mnamnunulia nani hivyo vitu?" aliuliza alipokwisha kusikia.

"Mtoto, mama," alisema mama mdogo.

"Yuko wapi?"

Mama mdogo akaweka mkono tumboni.

"Huyo bado ni mgeni aliye njiani," bibi alisema. "Ukimshonea nguo mtu ambaye hajafika, unawatangazia walioko huko kwamba huku kuna mtu. Watakuja kumwangalia. Na wakija hawarudi mikono mitupu. Umeshaona mara mbili, Robhi. Unataka uone mara ngapi?"

Mama mdogo akalia. Alilia kwa sauti, mwanamke mwenye nyumba ya vigae, ameketi kwenye kigoda na miguu yake iliyovimba. Mama Zuhura akasogea.

"Mama, hata kwetu wazee wanakataza, sikudanganyi. Na mimi wangu sikuwanunulia kitu mpaka walipolia. Lakini huyu binti yako ana hofu mpaka chakula hakipiti. Mpe siku moja ya kucheka."

Bibi aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka, kuku wakaja. Kisha akaweka ungo chini.

"Nguo ziwe na mwenyewe," alisema. "Zinunuliwe kwa jina la mtu aliyepo, anayetembea na kula. Zifungwe kwa jina hilo, zitunzwe kwa jina hilo. Siku hiyo mimba isitajwe na mtu yeyote. Mtoto akishalia, huyo mwenye nguo atampa kwa mdomo wake mwenyewe. Asipotoa, hazivaliwi, maana zitakuwa za wizi."

"Mtu gani, mama?"

Bibi akanitazama. Nilikuwa nimekaa mlangoni nakula karanga.

"Bhoke," alisema.

Nilifurahi sana. Napenda hilo lijulikane, kwa sababu ya yaliyofuata. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuwa na sherehe. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali, lakini wangeniuliza ningekubali mara mbili.

Baba mdogo alipopata habari alicheka mpaka akakohoa. "Dhahabu imetujengea nyumba," alisema, "na bado tunaogopa soksi?" Mama mdogo akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hakuruhusu mwanamke akaribie duara lake, na kwamba mpaka siku ile wenzake wa machimboni walikuwa hawajui kama mkewe ana mimba, wasije wakasema mawe ya dhahabu yatakimbia. Baba mdogo akachukua kofia yake akatoka.

Sherehe ilifanyika uani, chini ya turubai, saa nane mchana. Wageni walionywa getini na Mama Zuhura, mmoja mmoja, wasitaje mimba. Mama mdogo aliketi pembeni yangu kwa jina la mlezi wangu, na tumbo lake kubwa la miezi minane lilipita mbele ya macho arobaini bila kuonwa na mtu. MC, ambaye alitoka Sirari na hakuelewa vizuri makubaliano, alianza kusema "mama mtarajiwa", kikohozi kikali kikatoka kila upande mpaka akanyamaza. Ulipofika mchezo wa kupima tumbo kwa utepe, alisimama katikati akiwa na utepe mkononi, anamwangalia mama mdogo, anamwangalia mwenyekiti. Mwishowe akaja akapima tumbo langu. Aliyebahatisha kipimo akapewa kikombe.

Kisha wakaja na zawadi. Kila mwanamke alipiga goti kidogo mbele yangu akasema, "Hongera, Bhoke," huku macho yake yakiwa kwa mama mdogo, na mama mdogo alikuwa akitikisa kichwa taratibu kila neno hilo lilipotajwa. Machozi yalimtoka lakini alikuwa anacheka. Hata leo sidhani kama ameshapata siku nzuri kuizidi ile. Alipata hongera arobaini, zote kwa jina langu, na zote zilimfika.

Vitu vyote viliwekwa kwenye sanduku la bati, ufunguo nikapewa mimi.

Siku ya pili yake, Zuhura, binti wa Mama Zuhura, tuliyesoma naye darasa moja, alinifuata kisimani shuleni. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja na alijua kila kitu.

"Wewe huogopi?" aliniuliza.

"Niogope nini?"

"Hao wanaokuja kuangalia nguo ni za nani. Si wataona jina lako? Ndiyo maana bibi yako kakuweka wewe mbele. Wakichukua, wachukue wewe, mtoto abaki."

Nilimwambia ni mwongo. Lakini niliporudi nyumbani nililiangalia lile sanduku kwa muda mrefu, na furaha yote ikanitoka. Kila kitu alichosema Zuhura kilikaa sawa na kila kitu alichosema bibi. Nilikuwa na akili ya kutosha kuliona hilo, nikatamani nisingekuwa nayo. Usiku ule nililala na taa. Sikumwambia mtu, maana ningemwambia nani? Wote walikuwepo waliponipigia makofi.

Baada ya siku tatu bibi akafika Tarime na mfuko wake wa nguo. Alisema anafuatilia dawa ya mguu. Jambo lile liliwashangaza watu kuliko sherehe yenyewe. Kwetu mama mkwe halali kwenye mji wa mkwewe, yaani nyumbani kwake. Ni aibu kwake na ni aibu kwa mkwe, na bibi alikuwa mtu wa kushika mambo hayo kuliko wote. Hakuingia nyumba kubwa hata mara moja. Alilala na mimi katika chumba cha uani, akatandika mkeka sakafuni, akautandika mlangoni kabisa, hata nikitaka kutoka kukojoa nilimruka. Baba mdogo naye, kwa kumkwepa, alikuwa anapita uchochoro wa nyuma kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilijua bibi amekuja kumsubiri mjukuu. Nikamchukia. Nilikuwa nampenda bibi yangu, lakini wiki zile nilimchukia, na alipokuwa ananichana nywele nilikaza shingo.

Kisha nikaugua. Homa ilinianzia darasani, jioni nikawa siwezi kusimama. Zahanati walisema nina malaria tatu, wakanipa dawa, dawa nikazitapika. Malaria Tarime si habari. Kila mtoto wa darasa letu alikuwa ameugua mwaka ule. Lakini mimi nilijua nimefikiwa. Nakumbuka dari inateremka, na bibi amenishika kifundo cha mguu, amekishika hasa, siku mbili bila kuachia.

Ilikuwa siku ya pili hiyo mama mdogo akashikwa na uchungu, wakampeleka hospitali, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia hata kabla hajamaliza kutoka, alisema Mama Zuhura aliyekuwa pale. Mimi siku hiyohiyo homa ikashuka. Kwa hiyo wote wawili tulibaki, na nyumba nzima ikaimba.

Mtoto akaletwa nyumbani amefungwa kanga. Ulikuwa mwezi wa saba, na asiyejua baridi ya Tarime mwezi wa saba aulize wenyeji. Baba mdogo akaja mpaka mlango wa uani, bibi akageuka akatazama ukuta, na baba mdogo akasema kwa uchangamfu, "Haya, mwenye mali, tupe nguo zetu."

"Sitoi," nilisema.

Alidhani natania. Akaja Mama Zuhura na biskuti. Nikala biskuti, nguo sikutoa. Ufunguo nilikuwa nimeufunga shingoni. Sikuwa na hoja ya kuwaeleza. Nilikuwa na hasira tu, na kwa mara ya kwanza hasira yangu ilikuwa na nguvu.

Sasa jambo ninalolifikiria mpaka leo ni hili. Lile sanduku lingeweza kuvunjwa kwa nyundo ndogo. Maduka yalikuwa wazi. Baba mdogo alikuwa na uwezo wa kununua nguo za watoto wote wa mtaa ule. Alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, nilimsikia. Na mama mdogo akamjibu kutoka kitandani, "Hutanunua kitu. Mama alisema atatoa Bhoke. Mara mbili nilijifanya sisikii, Chacha. Hii ya tatu nasikia."

Basi mtoto akakaa siku mbili ndani ya kanga, na juu ya kanga koti la baba mdogo la machimboni lenye harufu ya moshi na udongo. Siku ya pili akaanza kupiga chafya. Nilizisikia dirishani, ndogo ndogo. Kila chafya iliniuma, na sikutoa.

Jioni bibi akaketi kwenye mkeka wake, miguu ameinyoosha.

"Una hasira na nani?" aliuliza.

"Na wewe."

"Kwa nini?"

"Uliniweka ili wanichukue mimi."

Nilisubiri aseme si kweli. Nilikuwa nimejiandaa kumwamini. Hata angesema uongo mbaya ningeushika. Hakusema. Aliutazama mguu wake mbovu, akaupapasa.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuweka. Nilimtazama Robhi analia, nikaona huyu wa tatu akienda ataondoka naye. Nikatafuta mtu wa kusimama pale mlangoni, nikakuona wewe umenona, unakula karanga. Nikasema huyu ameshika ardhi, huyu hawamwezi. Mdomo ulishasema. Mlipoondoka sikulala. Nikajiuliza, na kama wanamweza?"



"Sikuja kumsubiri mtoto wa Robhi. Mtoto wa Robhi ningeletewa habari zake Kisaka. Nimekuja kulala kwenye mji wa mkwe wangu, watu wananicheka, kwa ajili yako. Nilitaka wakija wanirukie mimi kwanza."

Mimi nilikuwa nalia. Yeye akanishika mkono, akafanya jambo ambalo sikuwa nimeona mtu mzima wa kwetu akimfanyia mtoto. Alisema, "Nisamehe, Bhoke. Nilikutoa bila kukuuliza."

Nilifungua sanduku. Miguu ilikuwa bado haina nguvu, kwa hiyo nilichukua blanketi tu na soksi, nikaenda kwenye nyumba kubwa nikishika ukuta. Bibi hakuweza kunifuata, alibaki uani. Mama mdogo aliponiona mlangoni aliketi wima. Nilimfunua yule mtoto kutoka kwenye koti, uso wake ulikuwa umekunjamana na pua imelowa, nikasema maneno niliyofundishwa na bibi: "Hivi ni vyangu, nakupa." Nikaongeza la kwangu, kwamba beseni pia achukue. Mama mdogo akanivuta tukalala watatu pale, akanishika kichwa muda mrefu sana.

Mtoto yule ni Ghati, amemaliza kidato cha nne, na ana mdomo kama nini. Bibi ameshatuacha. Nilipopata mimba yangu ya kwanza, walimu wenzangu walitaka kunifanyia bebi shawa na kamati walikuwa wameshaichagua. Niliwaomba wasubiri mpaka mtoto alie. Walinicheka, mwalimu mzima wa sayansi. Sikubishana nao. Sijui kama kuna wanaokuja kutazama nguo. Najua malaria inaletwa na mbu, naifundisha kila mwaka.

Ila kuna swali ambalo sikumaliza kumuuliza bibi. Nilitaka kujua kama siku ile, kwenye ungo wa ulezi, mimi nilikuwa na thamani ndogo kuliko mtoto ambaye hajazaliwa. Kwa miaka mingi nilidhani jibu lake la mkeka mlangoni lilikuwa limemaliza yote. Sasa nina watoto wawili, na kuna siku nimemwambia mkubwa ampishe mdogo, avumilie, asubiri, kwa sababu yeye ana nguvu, na nimeona uso wake. Nadhani bibi, kwa muda wa kupepesa macho, kweli alinitoa. Akajua amenitoa, akachukua mfuko wake akavuka mto. Simkasirikii. Usiku huwa naenda chumbani kwa huyu mkubwa, nakaa sakafuni karibu na kitanda chake, na kama yuko macho namwomba msamaha.